Chaneli ya Kumi na Tatu

Kazi yangu ni kurekebisha mizani. Meza yangu iko Majengo, nyuma ya safu ya maduka ya nafaka, na wateja wangu ni wauza mtama, alizeti, karanga na mahindi ambao mizani zao zimeanza kudanganya upande mmoja au mwingine. Hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, nikafungua mizani mbovu ya mjomba wangu, nikaifunga tena ikawa inapima sawasawa. Tangu hapo nina daftari. Kila mizani ninayoifungua naiandikia: ilivyokuja, nilichokigusa, ilivyobadilika. Nina kanuni mbili. Nagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na sipimi penye upepo.

Kanuni ya pili ni ya Dodoma hasa. Kuna miezi ambayo upepo wa hapa haupumziki. Unapita chini ya sahani, unainua gramu chache, na mwenye mizani anaapa kwamba fundi amemwibia. Kwa hiyo nina kona yangu ndani ya ghala, magunia pande tatu, na pale ndipo ninapoweka mawe ya kupimia na kusoma mshale. Mahali patulivu, pasipo na kitu kingine chochote. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi sifikirii tena kwa nini nafanya.

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nilijifunza kwa namna hiyohiyo. Kompyuta yangu ya kwanza ilijaa virusi vya kutoka kwenye flashi za watu, nakala ya daftari langu niliyoiweka humo ikapotea, nikatafuta mfumo ambao ningeweza kuufungua na kuutazama ndani kama mizani. Nilichapisha kurasa za maelezo, nikazisoma kwa zamu, ukurasa mmoja kabla ya kazi na mwingine baada ya kazi. Mambo mengi sikuyaelewa. Yale niliyoyaelewa niliyaandika.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi namwita Mwalimu, naye ananiita Fundi, na imekuwa hivyo tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, kutoka kijiji kisicho mbali na Kolo. Akiwa amekwisha kupita miaka arobaini alianza kusoma shahada ya uzamili akiwa kazini. Utafiti wake ulihusu watoto wa darasa la kwanza wa kwao, ambao nyumbani wanasema Kirangi na shuleni wanafundishwa kusoma kwa Kiswahili. Kwa mihula minne mfululizo aliomba ruhusa kazini, akaenda kukaa kwenye madarasa hayo, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, akiandika anachosikia.

Mwaka jana kazi ile ilifika mwisho, ikabaki kuitetea mbele ya watahini. Kikao kilipangwa kufanyika kwa njia ya mtandao, Alhamisi, saa nne asubuhi. Kilikuwa kimeahirishwa mara moja, kwa sababu ya ugonjwa wake, na muda wake wa masomo ulikuwa umeongezwa mpaka mwisho wa mwezi uleule. Barua ya chuo ilisema wazi kwamba hautaongezwa tena. Asipoonekana Alhamisi, miaka yote ile ingebaki rundo la karatasi chini ya kitanda.

Simu haikutosha. Watahini walitaka waone uso wake na wakati huohuo waone majedwali yake kwenye kioo. Jumamosi nilimnunulia kompyuta mpakato iliyotumika, kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Marekani. Nilipewa kwa bei ya chini kwa sababu tundu la waya wa mtandao lilikuwa limevunjika. Nikaona si kitu. Nyumbani Area D tuna waifai: kuna antena juu ya bati, waya unashuka mpaka kwenye ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba. Tuliiweka kwa sababu nyumba yetu iko nyuma ya jengo la ghorofa, na mtandao wa simu ukifika sebuleni unakuwa hafifu, sauti inakatika baada ya dakika chache.

Kompyuta ilikuwa nzito kuamka. Mwalimu hakuilalamikia. Mimi ndiye niliyelalamika. Jumamosi ileile alasiri nilifuta mfumo uliokuwemo, nikaweka Linux.

Alikuja akasimama nyuma yangu, mikono ikiwa na unga.

"Fundi, inafunguka?"

"Inafunguka. Sekunde kumi na nane tu."

"Ina intaneti?"

"Bado."

"Basi haijafunguka."

Alikuwa sahihi. Kadi ya waifai, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachopokea mtandao, haikuonekana kabisa. Nilisoma kumbukumbu ya mashine, ile orodha ndefu inayoandikwa kila inapowaka, nikakuta mstari unaosema kwamba kadi ipo lakini kuna faili lake limetafutwa na halikupatikana. Kadi nyingi ziko hivyo: chuma peke yake hakijui kazi, kinahitaji kupewa maelekezo kila kinapowashwa, na maelekezo hayo hayakuwemo kwenye diski yangu. Nikaunganisha simu yangu kwa waya wa chaji, ili mashine ipate intaneti kupitia simu. Tundu la chaji la simu hiyo limelegea. Ukigusa meza, linaachia. Nililifunga kwa mpira wa kufungia noti, nikashusha faili, likakatika mara tano, mara ya sita likafika. Simu ya Mwalimu ni kuukuu zaidi, waya wake unapitisha chaji tu.

Nilipowasha tena, kadi ikazinduka. Ikaja orodha ya mitandao iliyo karibu, tisa kwa jumla. Niliijua mingi kwa sababu naiona kwenye simu. Kuna jirani aliyeuita mtandao wake Kanunue Wako, na mwingine, nadhani kwa kumjibu, Nimenunua. Wetu haukuwemo.

Niliandika hivyo kwenye daftari: kadi inafanya kazi, inaona majirani, haituoni sisi.

Jumapili na Jumatatu nilifanya mambo kumi na saba. Ninayo yote kwa maandishi na sitayarudia hapa. Nilizima ruta na kuiwasha. Nilibadilisha jina la mtandao. Nilisogeza kompyuta mpaka ikawa imelala juu ya ruta yenyewe. Nilifungua kifuniko cha chini, nikachomoa nyaya mbili nyembamba za antena na kuzirudisha. Niliweka toleo jingine la programu inayoendesha kadi, nikalitoa. Kila mara simu zetu zote mbili ziliendelea kuuona mtandao bila shida, na kompyuta iliendelea kuwaona Kanunue Wako na Nimenunua.

Wakati huo Mwalimu alikuwa anajiandaa bila kompyuta, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwangu. Nilipita jikoni Jumatatu jioni nikamkuta amesimamisha sinia juu ya meza, limeegemea debe la unga. Alikuwa amekaa mbele yake, mgongo umenyooka, karatasi zake mkono wa kulia, akilisemesha.

"Ndugu watahini," aliliambia sinia, "swali hilo ni zuri." Akatazama karatasi. Kisha akaniona. "Nini?"

"Hakuna."

"Basi pita, unanikalia mbele ya kamera."

Nilipita. Nikarudi kwenye jambo la kumi na sita.

Jumanne, baada ya kufunga meza, nilipeleka kompyuta kwa mama mmoja mwenye duka la kompyuta upande wa pili wa soko. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu, na mizani yake ya duka la zamani, alipokuwa anauza mchele, niliirekebisha mimi. Kwenye benchi alikuwepo mteja anayesubiri simu yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Leo unaniletea kazi? Dunia imegeuka."

Nikamweleza, pamoja na habari ya Alhamisi. Akafungua, akatazama kioo kwa muda.

"Kaka, hii umeweka Linux."

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Akamgeukia yule wa kwenye benchi. "Unamwona huyu? Mtu ananunua gari zima, anang'oa injini, anaweka ya kwake, halafu anakuja kuuliza kwa nini halitembei."

"Na gari lenyewe si lake," alisema yule mtu. "Amesema la mkewe."

Walicheka wote wawili. Mama yule akaandika neno la siri la mtandao wa duka lake, akabonyeza. Kompyuta ikashika papo hapo. Akafungua ukurasa mmoja, akafungua video, ikacheza bila kusita.

"Mbona inashika?"

Niliinama nikasoma jina la mtandao wake kwenye kioo.

"Kompyuta yako nzima. Labda kwako inaona aibu." Akaisukuma kwangu. "Niache niirudishie Windows. Kesho mchana unaichukua."

"Ngoja kwanza nitafute."

"Na mkeo amesema tungoje?"

Nilimshukuru, nikafunga kompyuta kwenye mfuko wake.

Njiani kurudi nilipanga nilichokijua, kama ninavyopanga mawe ya kupimia. Kompyuta ni nzima, kwa sababu imeshika dukani. Ruta ni nzima, kwa sababu simu zinashika. Mizani ikiwa nzima na mawe yakiwa mazima, fundi hatazami tena mizani wala mawe, anatazama sakafu. Lakini hapa sikuona sakafu ni ipi.

Jumatano niliiacha meza yangu imefungwa. Mchana, baada ya chakula, nilifanya kitu nilichopaswa kukifanya Jumapili. Kila mtandao wa waifai husafiri kwenye chaneli yake, kama stesheni ya redio inavyokuwa na mahali pake pa kusimamisha mshale. Niliiamuru kompyuta iniorodheshee mitandao yote inayoiona pamoja na namba za chaneli, kisha nikaipanga kwenye daftari kwa kufuata namba. Moja, moja, moja, sita, sita, sita, sita, kumi na moja, kumi na moja. Juu ya kumi na moja hapakuwa na kitu.

Nilikaa nikiitazama ile orodha. Kisha nikainuka, nikaenda kabatini, nikatoa daftari la mwaka uliotangulia, mwezi tulipofunga antena. Nililikuta bila kutafuta sana, mwandiko wangu, wino wa bluu. Siku ile nilikuwa nimepita na simu kila kona ya nyumba, nikapima chaneli moja hadi nyingine, nikaona majirani wote wamejazana kwenye chaneli tatu tu. Mwishoni nilikuwa nimeandika: *Chaneli 13. Hakuna mtu. Nimeiweka ruta hapa.* Na chini yake nilikuwa nimepiga mstari, kama ninavyofanya nikiwa nimeridhika.

Sasa sakafu ilionekana. Nchi hazifanani katika chaneli zinazoruhusiwa. Hapa kwetu chaneli ya kumi na tatu inatumika. Kule kompyuta ilikotoka, vifaa vya nyumbani huishia kumi na moja. Kadi ilikuwa imepewa sheria za kwao ilipotengenezwa, na kwa sheria hizo chaneli ya kumi na tatu haipo. Kwa siku tano mashine ilikuwa inatega sikio kila mahali isipokuwa pale nilipotuweka. Linux haikuhusika. Mfumo ule niliouondoa nao usingetuona.

Kuna amri ya kuiambia mashine iko nchi gani. Niliiandika, herufi mbili, TZ. Mashine ikajibu kwamba imepokea, na nilipoiuliza ilisema Tanzania. Nikaiambia itafute tena. Moja, sita, kumi na moja. Imekubali kwa mdomo tu. Kadi ilibaki na sheria yake.

Nilijua kuna watu waliowahi kuvuka hapo. Ukurasa mmoja wa kigeni ulieleza jinsi ya kubadilisha namba moja ndani ya kumbukumbu ya kadi yenyewe, mahali nchi ilipoandikwa. Ulionya kwamba ukikosea, kadi inakufa. Nilianza kunakili hatua kwenye daftari. Zilikuwa hatua tisa. Nilikuwa kwenye ya nne Mwalimu alipotoka jikoni na karatasi zake.

"Umepata?"

"Nimepata tatizo liliko. Ni chaneli. Kadi haikubali ile tunayotumia."

"Na ruta inakubali kubadilisha?"

"Inakubali."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika mbili."

Akatazama daftari langu, hatua nne zilizonakiliwa kwa uangalifu, namba zikiwa ndani ya duara.

"Na hiyo unayoandika?"

Nilimweleza. Nilimwambia pia kwamba chaneli zile tatu zimejaa, kwamba ile yetu ndiyo safi, kwamba ni haki kadi ikubali sheria za nchi iliyomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, nadhani kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma mstari vizuri bila kujua unasema nini.

"Fundi," alisema, "mimi kesho saa nne naulizwa maswali. Tangu Jumamosi nazungumza na sinia. Sijui hata mahali pa kubonyeza nikitaka wanisikie. Wewe unataka kuishinda hiyo kadi, mimi nataka kuizoea hiyo kompyuta."

Hakupandisha sauti. Aliweka karatasi mezani, akavuta kiti, akakaa akisubiri, kwa namna ya mtu ambaye hataondoka.

Nilichukua simu, nikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Kumi na tatu ikawa sita. Taa za ruta zilizimika, zikawaka. Kwenye kioo cha kompyuta, kati ya Kanunue Wako na Nimenunua, likatokea jina letu.

"Leta," alisema Mwalimu.

Akaichukua, akaenda nayo jikoni. Nikasikia sinia likirudishwa mahali pake.

Jioni ile alijifunza kuwasha maikrofoni, kuizima, kuonyesha jedwali, kuliondoa. Alinipigia kutoka jikoni, mimi nikiwa chumbani na simu, akaniuliza kama namwona. Nilimwona. Alinihoji kwa dakika ishirini kama mimi ndiye mtahiniwa, kisha akanikatia.

Alhamisi nilibaki nyumbani. Saa nne kasoro aliingia chumbani akiwa amevaa gauni la shule la siku za wageni na mtandio mweusi, akafunga mlango. Nilitoa kiti nje, nikakiweka chini ya dirisha, si kwa kusikiliza bali kwa kuwa karibu ikiwa nitaitwa. Upepo ulikuwa unavuma na mapazia yalikuwa yanatoka nje na kurudi, kwa hiyo nilisikia nusu.

Walimuuliza kwa nini alichagua vijiji vile. Walimuuliza juu ya hesabu za jedwali la tatu, akajibu haraka, ni jedwali analolijua. Kisha mwanamume mmoja mwenye sauti ya taratibu akauliza anajuaje kwamba mtoto aliyesoma sentensi bila kosa hakuielewa.

Mwalimu alianza kueleza, na katikati mtandao ukakatika.

"Mwalimu, tumekupoteza kidogo," alisema yule mtu uliporudi. "Tafadhali rudia."

Niliinuka. Chaneli ya sita saa nne asubuhi, nyumba nzima ya Nimenunua iko juu yake. Hilo nililijua kabla. Nilisimama na mkono kwenye kitasa cha geti, hatua chache kutoka dirishani, nikifikiria kwenda kumwomba Nimenunua azime ruta yake kwa saa moja, na nini nitamwambia.

Ndani alikuwa ameanza upya. Mara ya kwanza alikuwa ametumia maneno ya kitabuni. Mara ya pili alisema tu: palikuwa na mtoto wa kike aliyesoma, "Mama anachota maji kisimani," bila kukwama hata mara moja. Nikamwuliza kwa Kirangi, aliwaambia, mama amefanya nini? Akasema, mwalimu, sijui, labda uniambie kwa Kirangi kwanza. Nikamwambia. Akacheka, akasema, kumbe kilikuwa kitu hicho tu.

Pazia lilitoka nje na kurudi mara mbili, nikadhani tumekatika tena. Kisha yule mtu akasema, "Ahsante. Hilo liandike kwenye sura ya nne, halimo."

Sikwenda kwa jirani. Nilirudi kwenye kiti.

Ilichukua saa moja na dakika kumi. Walimwambia akae pembeni, wakamwita tena. Aliposhuka kwenye ngazi ya baraza alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, sijui kwa nini, na yeye hakujua.

"Nimepita," alisema. "Marekebisho madogo. Wamenipa mpaka tarehe ishirini na nane."

"Hongera."

"Ahsante." Akakaa kwenye ngazi, akavaa kiatu. "Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini hasa? Jana sikusikiliza vizuri."

Nilimweleza tangu mwanzo, pamoja na daftari la mwaka uliotangulia na mstari niliopiga chini ya maneno yangu. Nilimweleza na kona yangu ya ghala, magunia pande tatu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kwamba yote yametoka pale.

Alicheka sana, akashika ubavu. "Yaani mtaa mzima uko pamoja, wewe ukatuhamishia peke yetu."

"Kulikuwa kutulivu."

"Najua kulikuwa kutulivu, Fundi. Hakuna aliyetusikia."

Aliomba chai. Nilipoileta, alikuwa ameitoa kompyuta nje, ameiweka juu ya magoti, anatafuta sura ya nne. Nilisimama nyuma yake. Programu ya kuandikia niliyomwekea ilikuwa inachelewa kidogo kufungua hati yake, na nilijua mpangilio mmoja ambao ungeiharakisha.

"Usiguse," alisema bila kugeuka.

Nikaweka kikombe kwenye ngazi, upande wa mkono wake wa kulia, nikaenda kufungua meza.